Deni la Matunzo ni Deni la Mtoto: Namna ya Kulifuatilia Kisheria katika Mali ya Mzazi Aliyeondoka



Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, lipo deni moja ambalo wadaiwa wengi hulichukulia kama hisani: hulipa wakipenda, na huacha wakichoka. Deni hilo ni la matunzo ya mtoto baada ya wazazi wake kutengana. Katika maeneo yetu ya mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Busia na Malaba hadi Lwakhakha, deni hili hukimbiwa kwa wepesi kuliko kwingineko. Mdaiwa huvuka tu upande wa pili, ambako soko ni lilelile, lugha ni ileile, na jamaa wa kumpokea hawakosekani. Mtoto hubaki upande wa kwanza, na karo ya shule haivuki mpaka kumfuata baba.

Kwenye vituo vya polisi malalamiko ya namna hii hufika kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mzazi asemaye, "Afande, mkamateni, amekataa kumlisha mtoto." Sura ya pili ni ya mzazi aliyekwisha kuchoka kungoja, akaenda mwenyewe usiku na ndugu zake, akachukua pikipiki au ng'ombe wa mwenzake wa zamani, na sasa yeye ndiye aliyeandikwa kitabuni kama mshukiwa wa wizi. Wote wawili wana haki mikononi, ila wamekosa njia. Somo la toleo hili linahusu njia hiyo: jinsi mzazi anayemlea mtoto awezavyo kulipwa malimbikizo ya matunzo kutoka katika mali ya mzazi mwenziwe, kwa mkono wa mahakama, pasipo kuvunja sheria na pasipo kumwaga damu.

DENI HILI NI LA NANI?

Tuanze na msingi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 31, inasema kuwa ni haki na wajibu wa wazazi kuwatunza na kuwalea watoto wao. Na kifungu cha 34 kinampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inakwenda mbele zaidi na kutamka kuwa baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumkimu mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu. Kwanza, talaka huvunja ndoa lakini haivunji uzazi. Pili, mwenye deni hili si baba peke yake. Mama aliyeondoka na kumwachia baba au bibi watoto naye hudaiwa vivyo hivyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, fedha za matunzo si zawadi kwa mwenzi wa zamani. Ni chakula, malazi, tiba na elimu ya mtoto. Kwa hiyo mtu asemaye "sitoi senti kwa kuwa mama yake ameolewa kwingine" anamwadhibu asiyehusika na ugomvi huo. Vivyo hivyo, mzazi amfichaye mtoto ili mwenzake asimwone mpaka alipe anamfanya mtoto kuwa rehani. Suala la kumwona mtoto na suala la kumlisha mtoto kila moja lina maombi yake mbele ya hakimu.

KWANZA AMRI, KISHA MALI

Kosa linalowapotezea watu wengi muda ni kutaka kuanza na mali. Mtu anasema, "Ana kiwanja, kiuzwe." Hakuna dalali awezaye kuuza kiwanja cha mtu kwa sababu ya maneno ya mtaani. Kinachofungua mlango wa mali ni amri ya mahakama inayotaja mlipaji, mtoto, kiasi na muda wa kulipa.

Nchini Uganda amri hiyo hutolewa na Mahakama ya Familia na Watoto chini ya Sheria ya Watoto, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016. Maombi yanaweza kupelekwa tangu mama akiwa mjamzito mpaka kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mwombaji ni mzazi au mlezi aliye na mtoto. Ikiwa baba anakana kuwa mtoto si wake, mahakama huombwa kwanza itamke nani mzazi. Jina la baba lililoandikwa katika rejista ya vizazi huwa na uzito mkubwa katika shauri hilo. Ndiyo maana twawahimiza wazazi kuwaandikisha watoto mapema, wakati amani ingalipo nyumbani.

Si lazima safari ianzie mahakamani. Katika halmashauri ya kijiji, yaani LC1, yuko katibu wa mambo ya watoto. Sheria inamruhusu mtu yeyote, hata jirani au mwalimu, kutoa taarifa kwa halmashauri kwamba mzazi mwenye uwezo hampi mtoto chakula, malazi, tiba au elimu. Na halmashauri huweza kumwita mzazi huyo aeleze. Yuko pia afisa wa probesheni na ustawi wa jamii katika wilaya, ambaye huwapatanisha wazazi na kuandika makubaliano yao. Wengi hutimiza makubaliano hayo bila kusukumwa, na tunawapongeza.

Hata hivyo, msomaji ashike tofauti hii: karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa LC au wa afisa wa ustawi wa jamii ni ushahidi mzuri wa kwamba deni lilikubaliwa, lakini haimpi mtu ruhusa ya kukamata mali. Makubaliano yakivunjwa, yapelekeni mahakamani haraka. Kungoja miaka mitatu ndipo mwende ni kumsaidia mdaiwa auze alicho nacho.

MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Methali hii ya wafanyabiashara inafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila nyumba yenye amri ya matunzo. Hakimu hawezi kuamuru malimbikizo yalipwe bila kujua ni kiasi gani. Chukua daftari moja, usilitumie kwa jambo jingine, na uandike kila mwezi: kilichostahili kulipwa, kilicholipwa, tarehe, na njia ya malipo.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mahakama imeamuru baba alipe shilingi 150,000 za Uganda kila mwezi, kuanzia Januari. Mwaka unapokwisha, kiasi kilichostahili ni shilingi 1,800,000. Daftari la mama linaonyesha kuwa baba alituma 150,000 Januari, 150,000 Februari, 100,000 Mei na 50,000 Agosti; jumla 450,000. Malimbikizo ni shilingi 1,350,000. Hesabu kama hii, ikiambatana na ujumbe wa simu wa kila malipo, ni vigumu kuipinga. Mama asemaye "hajawahi kutoa hata senti", ilhali simu inaonyesha malipo manne, amemkabidhi mdaiwa silaha ya kumwita mwongo.

Mdaiwa naye anahitaji daftari. Alipe kwa njia inayoacha alama, kama vile simu au benki. Akilipa taslimu, aombe hati yenye sahihi. Baba anayempa mtoto noti njiani kutoka shuleni, bila shahidi, atapata taabu kuithibitisha noti hiyo mbele ya hakimu.

MALI IPI HUFIKIWA, NA KWA NJIA GANI?

Sheria ya Watoto ya Uganda inaeleza kuwa mwezi mmoja ukishapita tangu amri itolewe, na fedha hazijalipwa, mzazi aliye na mtoto anaweza kwenda mbele ya hakimu na kueleza jambo hilo kwa kiapo. Hakimu huweza kutoa hati ya kumleta mdaiwa mahakamani. Akifika na bado akakataa au akapuuza kulipa, mahakama huweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa, au mshahara wake ukatwe. Hapo mzazi mdai ataulizwa swali moja: "Ana nini, na kiko wapi?" Mahakama haina watu wa kuzunguka sokoni kumtafutia jibu. Lazima alilete yeye.

Mali tuigawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni mshahara. Ikiwa mdaiwa ni mwajiriwa, kwa mfano dereva wa kampuni ya malori, mwalimu au mlinzi, mahakama huweza kumwamuru mwajiri akate kiasi fulani kila mwezi na kukiwasilisha. Mdai alete jina la mwajiri na mahali ofisi yake ilipo.

Fungu la pili ni fedha za mdaiwa zilizo mikononi mwa mtu mwingine. Hapa huingia akiba iliyo benki, hisa na akiba za sacco, na kodi ya nyumba ambayo wapangaji wanamlipa. Mahakama huweza kumwita anayezishika fedha hizo na kumwamuru azielekeze kwenye deni badala ya kumkabidhi mdaiwa. Wapangaji wengi hushtuka wapatapo amri hiyo. Wasiogope: mpangaji aliyelipa kama mahakama ilivyomwamuru hadaiwi tena kodi hiyo na mwenye nyumba.

Fungu la tatu ni mali inayohamishika: pikipiki, gari, mifugo, mazao ghalani, mashua na nyavu, bidhaa za dukani. Hizi hukamatwa na dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, huorodheshwa, na huuzwa kwa mnada wa hadhara. Deni na gharama zikishalipwa, ziada hurudishwa kwa mwenye mali.

Fungu la nne ni ardhi na majengo. Mahakama huweza kwanza kupiga marufuku ardhi isiuzwe wala kuhamishwa, kisha ikiwa hapana njia nyingine ikaamuru iuzwe. Hii ni njia ndefu na yenye gharama, nayo hugusa watu wengi. Isiwe ya kwanza kufikiriwa.

Je, mdai aanze na fungu lipi? Tunashauri atazame aina ya deni lenyewe. Matunzo ni deni la kila mwezi. Dawa yake bora ni kipato cha kila mwezi. Kukamua ng'ombe si sawa na kumchinja. Pikipiki ya mdaiwa ikiuzwa leo, malimbikizo yatalipwa, lakini mwezi ujao bodaboda hana chombo cha kutafutia riziki, na mtoto anarudi palepale. Mshahara ukikatwa kidogo kidogo, au kodi ya vyumba viwili ikielekezwa kwa mtoto, malimbikizo hupungua na matunzo ya mbele hupatikana pia. Uuzaji wa mali umfae yule ambaye ana mali nyingi na nia kidogo.

MALI ISIYOGUSWA, NA MALI YA WATU WENGINE

Sheria za mwenendo wa madai za Uganda na za Kenya zote zina orodha ya vitu visivyokamatwa kwa ajili ya deni. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa pamoja na mke na watoto wake, na zana za fundi za kufanyia kazi. Mkulima naye huachiwa zana za kilimo na kile ambacho mahakama itaona anakihitaji ili aendelee kuishi kwa kilimo. Haki hii haikuwekwa ili kumlinda mtoro. Imewekwa kwa sababu mdaiwa huyo huenda ana watoto wengine chini ya paa jipya, nao ni watoto kama wale wa kwanza. Mahakama haimvui mtoto mmoja ili kumvika mwingine.

Aidha, kinachokamatwa ni mali ya mdaiwa peke yake. Si ng'ombe wa baba yake mzazi, wala duka la kaka yake, wala cherehani ya mke wake wa sasa. Mtu yeyote ambaye mali yake imekamatwa kimakosa anaweza kuweka pingamizi, na mahakama itachunguza mali hiyo ni ya nani kweli. Kwa sababu hiyo mdai atafute ushahidi wa umiliki mapema: kitabu cha chombo na namba ya usajili, hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na LC, picha, na mashahidi waliokuwapo mali iliponunuliwa.

Hapa pana hila tunayoiona mara kwa mara. Mdaiwa akisikia harufu ya kesi, huandikisha pikipiki kwa jina la binamu, au "humuuzia" mjomba kiwanja kwa bei ya kuku. Mdai akipata habari hizo asinyamaze, wala asingoje kesi imalizike. Aiombe mahakama izuie mali isihamishwe wakati shauri likiendelea, na aeleze kwa kiapo alichokiona na tarehe yake. Na ninyi mnaonunua mali mpakani, tahadharini na bei ya kutupa. Kabla ya kununua ardhi, ulizeni ofisi ya ardhi, LC na majirani wa mpaka wa shamba. Nchini Uganda, sheria inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya kuuza ardhi ya familia, yaani ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki juu yake.

MALI IKIWA NG'AMBO YA MPAKA

Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kimekuwa kikiwahudumia wasafiri na mizigo ya nchi mbili chini ya paa moja. Wengine hudhani kwamba amri ya mahakama nayo hupita dirishani hapo kama pasi ya kusafiria. Sivyo. Amri iliyotolewa na hakimu wa Busia ya Uganda haimpi dalali mamlaka ya kuingia Busia ya Kenya na kukamata hata kuku mmoja. Kila mahakama inaamuru ndani ya nchi yake.

Lakini hilo halina maana kwamba mpaka ni kaburi la deni. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuifikisha amri katika mahakama ya upande wa pili. Uganda na Kenya kila moja ina sheria maalumu ya utekelezaji wa amri za matunzo zilizotoka nje, sheria zenye asili katika utaratibu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa ufupi, nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama hupelekwa kwa njia rasmi za serikali, husajiliwa na mahakama ya nchi anakoishi mdaiwa, na ikishasajiliwa hutekelezwa kama amri ya mahakama hiyo. Mdai hatembei na karatasi hiyo mfukoni. Huiomba mahakama iliyotoa amri iianzishe safari hiyo. Amwendee karani wa mahakama na kumwuliza utaratibu na ada.

Njia ya pili ni kufungua maombi mapya katika nchi ambako mdaiwa anaishi au ana mali. Kwa upande wa Kenya, ni Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinazungumzia kila mtoto, hakisemi mtoto wa Mkenya tu. Mdai aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala iliyothibitishwa ya amri ya Uganda, na daftari lake la malipo. Aeleze wazi kwamba iko amri nyingine, na ni kiasi gani kimekwisha kulipwa. Kudai fedha zilezile mara mbili katika nchi mbili ni udanganyifu, na kutaiharibu kesi iliyokuwa njema.

Turejee mfano wetu. Baba anayedaiwa shilingi 1,350,000 amehamia upande wa Kenya. Huko amejenga vyumba viwili vya kupangisha. Upande wa Uganda ameacha akiba katika sacco ya madereva, na ng'ombe wawili kwa mama yake mzazi. Mama wa watoto afanyeje? Akiba ya sacco iko Uganda, na amri ni ya Uganda. Hiyo anaweza kuifuata mara moja kwa hakimu aliyetoa amri. Ng'ombe wako Uganda, lakini wako kwa bibi wa watoto, na bibi atasema ni wake. Bila ushahidi thabiti atapoteza muda na kuwasha moto wa ukoo. Vyumba viko Kenya, na kodi yake ni kipato cha kila mwezi. Hivyo vinastahili ile safari ya kusajili amri au kufungua maombi mapya. Mpangilio wake basi ni huu: sacco kwa malimbikizo, kodi kwa matunzo ya mbele, na ng'ombe wa bibi waachwe wale majani.

POLISI HUFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI?

Polisi si wakusanyaji wa madeni. Hatumweki mtu mahabusu ili ndugu zake wachange fedha za matunzo, wala hatupokei fedha hizo kaunta kwa niaba ya mtoto. Mtu akikuambia kuwa kwa kiasi fulani atamfanya polisi "amtikise" mwenzako, jua kwamba huyo anakuibia, na utoe taarifa kwa mkuu wa kituo.

Tunayoyafanya ni haya. Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia katika vituo vya Uganda hupokea malalamiko, huyaandika, huwaita wazazi kwa mazungumzo, na huwaelekeza kwa afisa wa probesheni au mahakamani. Mahakama ikitoa hati ya kumkamata mdaiwa aliyekaidi wito, tunaitekeleza. Dalali wa mahakama akija na hati halali na akahofia fujo, tunakwenda naye kulinda amani. Lakini kazi ya kukamata mali ni yake. Kutelekeza mtoto, kumpiga mzazi anayedai, kumtishia, au kumvusha mtoto mpaka kwa siri ni mambo ya jinai, na hayo njoni nayo wakati wowote, usiku au mchana. Upande wa Kenya, nendeni kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Mzazi anayejichukulia mali kwa mkono wake, hata kama deni ni la kweli, anajitia hatarini mara tatu. Atashtakiwa kwa wizi au kwa kuingia nyumba ya watu kwa jinai. Akivusha ng'ombe bila kibali cha mifugo, au pikipiki bila karatasi za forodha, ameongeza makosa. Na kesi yake ya matunzo, iliyokuwa na nguvu, itadhoofika kwa kuwa sasa anasimama mbele ya hakimu akiwa mshtakiwa.

Kwa ushauri kuhusu mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo Uganda na Kenya. Kwa msaada wa kisheria, vyama vya wanasheria wanawake vya FIDA viko katika nchi zote mbili, na huwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

NENO KWA MZAZI ANAYEDAIWA

Huenda unayesoma ni wewe unayedaiwa, na huenda hukukataa kulipa kwa ukaidi bali kwa kukosa. Kazi imekwisha, gari limeuzwa, umeugua. Usivuke mpaka, vuka mlango wa mahakama. Hakimu ana uwezo wa kubadilisha kiasi cha matunzo ikiwa hali ya mzazi imebadilika kweli, na kupanga malimbikizo yalipwe kidogo kidogo. Asichoweza kufanya ni kukuhurumia akiwa hajui. Anayenyamaza huonekana mkaidi, na malimbikizo hayanyamazi: yanakua kila mwezi. Mali ikishakamatwa na kupatikana kuwa haitoshi, sheria inamruhusu hakimu hata kumweka mdaiwa gerezani. Hiyo ni hatua ya mwisho, kwani baba au mama aliye gerezani hapeleki unga nyumbani. Ila hatua hiyo ipo.

Na wewe unayepokea, kumbuka fedha hizo ni za nani. Weka risiti za karo na za zahanati. Siku mwenzako atakapouliza fedha zake zimekwenda wapi, mwonyeshe bila hasira. Wengi waliokuwa wakilipa kwa kusukumwa walianza kulipa kwa hiari walipoziona risiti.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA LA KIJIJI

1. Wazazi wameandikiana makubaliano ya matunzo mbele ya LC1. Baba ameacha kulipa kwa miezi minne. Je, mama anaweza kumleta dalali? Hatua inayofuata ni ipi?

2. Mdaiwa ana mshahara mdogo na pikipiki moja anayoitumia kwa kazi ya jioni. Mngemshauri mdai aombe nini mahakamani, na kwa nini?

3. Ndugu wa mdai wanataka kuvuka usiku kumchukua ng'ombe "wa deni". Nani katika kijiji chenu anapaswa kuwazuia, na awaambie nini?

4. Jirani yenu anauziwa kiwanja kwa nusu ya bei na mtu ambaye kijiji kizima kinajua ana kesi ya matunzo. Ni ofisi gani na watu gani awaulize kabla hajatoa fedha?

5. Katika kijiji chenu, katibu wa mambo ya watoto ni nani? Ikiwa hamna jibu, baraza lisifungwe kabla hamjalipata.

Polisi jamii ni kazi ya pamoja. Mpaka wetu umechorwa kati ya nchi mbili, lakini haukuchorwa kati ya mtoto na sahani yake. Mwenye amri aidai kwa njia ya sheria. Mwenye deni alilipe. Na sisi majirani tusimfiche anayekimbia kula na wanawe.